Siku Mgeni Rasmi Alipojiombea Dua ya Marehemu

Jamani, mkitaka kunicheka chekeni tu, nimeshazoea, maana hapa Ujiji hata muuza kashata ananiita Mwalimu Izraili, na jina hilo sikupewa na adui, nilijitafutia mwenyewe mchana kweupe nikiwa nimeshika kipaza sauti, mbele ya wazazi, sheikh, mchungaji, afisa ardhi na Waziri Mkuu mstaafu wa nchi hii, ambaye dakika chache kabla nilikuwa nimeshamtoa roho. (Jina lake sitalitaja. Si adabu peke yake, ni kwamba niliapa lisitoke tena mdomoni mwangu, lisije likampata baya jingine.)

Kwanza niwaambie ugonjwa wangu. Mimi nafundisha historia na uraia katika shule ya msingi iliyo upande wa ziwani, na tangu nitoke chuo sikuwahi kumwambia mtu yeyote neno "sijui". Lilikuwa linanikwama kooni. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza mgebuka ana meno mangapi, nikamjibu palepale, thelathini na mawili, akaandika kwenye daftari, akaenda kumwambia baba yake ambaye amevua mgebuka tangu hajaota ndevu, na baba mtu akaja shuleni na samaki mzima kwenye ndoo akaniomba tuhesabu pamoja. Mnadhani nilijifunza? Thubutu! Nilimwambia huyo wake ni mgonjwa.

Sasa shule yetu ilikuwa na shida kubwa kuliko meno ya mgebuka. Tuna uwanja, ndio uwanja pekee wa watoto upande ule wote, na mwisho wa uwanja kuna mwarobaini mkubwa. Kuna tajiri mmoja wa dagaa kule Kibirizi, nimwite Bwana Majuto, alikuja siku moja na vijana wake wakachimbia nguzo katikati ya uwanja, wakasema wanajenga chanja za kuanikia dagaa, kwa sababu eneo lile lote hadi karibu na madarasa ni la marehemu baba yake, na ushahidi ni ule mwarobaini ambao baba yake aliupanda kwa mkono wake. Shule ikasema hapana, mwarobaini ulipandwa na mgeni rasmi siku ya kufungua shule, kuonyesha mwisho wa eneo letu. Makaratasi yako wapi? Makaratasi yameliwa na mchwa pamoja na kabati lenyewe. Kwa hiyo watoto wakawa wanacheza mpira kati ya nguzo, na wiki moja wawili walipasuka vipaji vya nyuso.

Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Tausi, ni mama mpole lakini akishika jambo haachii. Alikuwa anastaafu mwaka huo, na alishasema waziwazi ofisini, "Sitawaachia watoto hawa uwanja wa kuanikia dagaa." Afisa ardhi akamwambia, "Mama, mashahidi wa pande zote mbili nimechoka nao. Nileteeni aliyeupanda huo mti aseme kwa kinywa chake, mimi nitaandika." Basi Mwalimu Tausi akaandika barua, akapiga simu, akatuma watu, mpaka yule mgeni wa zamani akapatikana na akakubali kuja kwenye mahafali ya darasa la saba. Lakini jina lake alilificha hata kwetu walimu, akiogopa lisije likafika Kibirizi watu wakaanza kumzunguka mzee wa watu kabla ya siku. Alituambia tu, "Ni kiongozi mkubwa mstaafu, mtamwona akija."

Nami kwa ugonjwa wangu nikawatangazia wenzangu kwamba huyo ni mkuu wa mkoa wa zamani, namfahamu, tena nina habari zake zote.

Kisha Mwalimu Tausi akanipa kazi. "Mwalimu Idi, niandalie ngonjera ya Mawaziri Wakuu wetu, tangu uhuru hadi huyu aliyepo sasa." Mtu mwenye akili angejiuliza, kwa nini Mawaziri Wakuu, kwa nini si marais? Mimi sikujiuliza. Nilifurahi. Nikapanga kila kiongozi awe na mtoto wake wa kumwigiza, aliyeshika picha kubwa kifuani, aseme beti zake, halafu (hapa ndipo nilipojiona bingwa) wale ambao viongozi wao wako hai wabaki wamesimama, na wale ambao viongozi wao wameshatangulia wachuchumae na kuifunika picha kwa kitambaa cheusi. Mwalimu Tausi akaniuliza, "Hiyo orodha ya walio hai na marehemu una hakika nayo?" Nikamjibu, "Mwalimu, historia ndiyo ugali wangu."

Na kweli orodha niliijua, isipokuwa mmoja. Mnajua tena, viongozi wengine wakishatoka madarakani tunaendelea kuwaona kwenye misiba na sherehe za kitaifa, wengine wanarudi kwao kulima na kulea wajukuu, hawasikiki, na sisi tunabaki hatujui kama tuwaombee afya au tuwaombee pepo. Huyu alikuwa wa namna hiyo. Alikuwa madarakani nikiwa mtoto mdogo huko Mwandiga, simkumbuki hata sauti. Siku ile alasiri nikakaa sebuleni kwa Bibi yangu Mwajuma, ninayeishi naye hapa Ujiji, nataka kumtafuta kwenye simu, bando limekwisha. Nikainua macho ukutani.

Niwaeleze ukuta wa Bibi. Bibi ana picha nyingi na hazichanganyi. Walio hai wanakaa ukuta wa mlangoni, ili wakiingia wajione. Marehemu wanakaa ukuta wa upande wa chumbani kwake, na kila Alhamisi jioni anawapitia mmoja mmoja anawaombea. Sasa pale kwa marehemu, kati ya babu yangu na mjomba aliyezama ziwani, kulikuwa na picha iliyokatwa kwenye kalenda, ya mtu mwenye nywele nyeusi tititi na miwani mikubwa. Ndiye! Nikasema, kumbe mzee alishafariki, na Bibi hakosei mambo ya maiti. Bibi mwenyewe alikuwa uani anamenya muhogo, hatua kumi tu kutoka nilipokaa. Ningesema, "Bibi, huyu alikufa lini?" nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia leo. Lakini kumuuliza bibi asiyesoma jambo la historia, mimi mwalimu wa historia? Nikachukua kalamu nikaandika "marehemu", nikapiga mstari chini.

Siku ya mahafali ikafika. Uwanja umejaa, maturubai yamefungwa kwenye zilezile nguzo za Bwana Majuto (Mwalimu Tausi alisema angalau zifae kitu), wazazi wamekaa kwenye mikeka, meza kuu ina kitambaa cha bluu. Mgeni alipofika na kutambulishwa, mimi nilikuwa darasani nagombana na vitambaa vyeusi, maana mwanafunzi mmoja alikuwa amekifutia pua cha kwake. Nilisikia tu makofi na vigelegele kwa mbali. Tulipotoka na watoto kwa mstari, nikaona meza kuu wapo watu wengi, katikati yupo mzee mmoja mwembamba, amevaa kofia ya kufuma na shati la mikono mifupi, hana hata koti. Nikajisemea, huyu ni mzee wa mtaa amewekwa pale kwa heshima, mkuu wa mkoa mwenyewe bila shaka ni yule mnene wa pembeni mwenye suti. (Yule mnene alikuwa msaidizi wake.)

Ngonjera ikaanza, na nisifiche, ilikuwa tamu. Watoto walitoka mmoja mmoja, wa kwanza baada ya uhuru, wa pili, wa tatu, makofi yanapigwa, wazee wanatikisa vichwa. Ikafika zamu ya Neema wa darasa la tano, mtoto mwenye sauti ya kufika Kongo bila mtumbwi. Akainua picha ya nywele nyeusi, akaghani beti zangu nilizokesha nikizitunga:

"Na huyu naye mwenzetu, safari kaimaliza,
Kaacha dunia yetu, kaburini kajilaza!"

Akachuchumaa, akafunika picha.

Pakawa kimya. Mimi nikadhani ni majonzi, nikaona kazi yangu imegusa mioyo. Sasa ninyi mnawajua watu wa Ujiji, ukitaja marehemu mikono inainuka yenyewe kabla akili haijauliza nani, na kule kwenye mikeka wazee waliokuwa wanaongea yao wakasikia tu "kaburini", wakafungua viganja, "Al-Fatiha!", sheikh meza kuu naye kwa mazoea akaanza, mchungaji akainamisha kichwa, na yule mzee wa kofia akawatazama, akatazama huku na huku, kisha taratibu akafungua viganja vyake na yeye, akaomba pamoja nao, na mwisho akaitikia "Amina" akijipangusa uso.

Ningeishia hapo, labda. Lakini kulikuwa na minong'ono, na wazazi wengine hawakuinua mikono, na mimi sipendi ngonjera yangu idharauliwe, nikamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti nikasema, "Ndugu zangu, huyu alikuwa mtu mkubwa katika nchi. Naomba wote tusimame dakika moja." Wakasimama, wengine wameziba midomo kwa khanga, nikadhani wanalia. Mwalimu Tausi alikuwa ananipungia mkono kwa nguvu, nami nikampungia. Ndipo nikamwona yule mzee amesimama na kofia yake kichwani. Nikamwambia, tena kwenye kipaza sauti, tena kwa sauti ya kumfundisha, "Mzee wangu, samahani, kofia tafadhali. Tumheshimu marehemu."

Mzee akavua kofia.

Nywele zilikuwa nyeupe na chache. Lakini paji la uso lilikuwa lilelile, masikio yaleyale niliyokula nayo chakula cha jioni miaka minne kwenye ukuta wa Bibi, na kutoka chini Neema, ambaye hana breki, akafunua picha yake, akaitazama, akamtazama mzee, akasema, "Mwalimu! Marehemu si ndiye huyo?"

Mama yangu mzazi! Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko, lakini meza kuu hakuna aliyecheka. Yule msaidizi mnene alikuwa ameshainuka, uso umemvimba, "Mheshimiwa, tuondoke. Huu ni utovu wa adabu." Na huku Bwana Majuto, aliyekuja kusikiliza shauri lake, akapiga kofi pajani, akamgeukia afisa ardhi, "Afisa, andika! Shule yenyewe imesema shahidi wake ni maiti. Maiti anatoa ushahidi wapi?" Watu wakacheka zaidi, na afisa ardhi, Mungu amsamehe, na yeye akacheka, akafunga faili lake.

Hapo nikamwona Mwalimu Tausi. Hakunitukana. Aliketi tu, akashika kichwa kwa mikono miwili, na mimi nikaelewa nilichofanya. Miezi yote ile ya barua na simu, mtu mmoja tu duniani aliyebaki wa kusema "mti huu niliupanda mimi", nimemwita kaburini mbele ya watu na sasa anaondoka na gari linawashwa. Jamani, niliona aibu mpaka ikageuka ikawa uchungu. Nikakimbia, nikapiga magoti mbele ya mzee, kipaza sauti bado kiko mkononi na bado kinafanya kazi (hilo nalo nilisahau), nikasema, "Mheshimiwa, niadhibu mimi, usiwaadhibu watoto. Wameambiwa na mimi. Na mimi sikujua. Sikujua, nikaogopa kuuliza. Nilikuona kwenye ukuta wa marehemu wa bibi yangu nikaandika."

Ikasikika uwanja mzima hadi ziwani.

Mzee akanitazama. Akasema polepole, "Bibi yako alinizika lini?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka kwenye mikeka. "Nilikuzika mimi, na sababu ninayo!" Bibi Mwajuma huyo, anajikusanya na khanga zake, anakuja na bakora yake, watu wanampisha. Nikatamani ziwa lije linichukue.

Mzee akainama, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Umekonda." Bibi akasimama mbele yake, hana haraka. "Siku ile ulipokuja kufungua shule, ukapita kwangu na msafara wako, ukaona nachambua dagaa, ukasema, mama, nikimaliza nitarudi kula kwako. Ulisema hukusema?"

Mzee akakiri, "Nilisema."

"Nikachinja kuku wangu wa mayai. Nikasonga ugali wa muhogo. Nikamwambia jirani, na jirani akamwambia jirani. Magari yakapita vuu! na vumbi lake likaingia kwenye chungu. Nikasema labda kesho, labda atatuma hata salamu. Mtu wa kwetu akisema anakuja kula halafu haji wala hatumi neno, huyo amekufa, hakuna sababu nyingine. Nikakutundika na wenzako. Lakini nakuombea kila Alhamisi, usiseme nimekunyima."

Kicheko kilichotoka pale, hata mchungaji alifuta machozi. Msaidizi akasema, "Bibi, Mheshimiwa alikuwa na ratiba," na mzee akamwambia, "Kaa." Akaligeukia lile kundi lote, akasema, "Ndugu zangu, mtu akitoka kwenye cheo anazikwa kidogo kidogo. Kwanza simu inaacha kulia, halafu kadi za harusi haziji, mwisho hata majirani wa kijijini wanauliza kama uko hai. Mimi leo nimepata bahati, nimesikia Fatiha yangu kwa masikio yangu, na nimekuta kuna mama ananiombea kila wiki tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sina kinyongo. Nina deni la chakula."

Bibi hakumwachia. "Deni baadaye. Kwanza sema ya mti. Ulipanda hukupanda? Maana nakumbuka ulivyoushika juu chini, mizizi ikaning'inia, mpaka mwalimu wa kike mmoja akakugeuzia, na maji ukajimwagia kwenye kiatu kimoja, ukatembea hivi." Akamwigiza anavyotembea na kiatu kilicholowa, chwepe, chwepe, na bakora yake.

Mzee akacheka mpaka akashika meza. "Kiatu cha kushoto!" akasema. "Mama, hilo sijamwambia hata mke wangu. Na huyo mwalimu wa kike..." Akageuka. Mwalimu Tausi alikuwa amesimama, machozi yanamtoka. "Ndiye mimi, Mheshimiwa. Nilikuwa nina mwezi mmoja kazini."

Mzee akatoka meza kuu kwa miguu, jua kali, akakataa mwavuli, watoto wote na picha zao wakamfuata, Mawaziri Wakuu wote wa nchi hii walio hai na marehemu wanakimbia uwanjani wamechanganyika, hadi kwenye mwarobaini. Akaweka kiganja kwenye shina. Akamwita afisa ardhi kwa sauti ambayo nadhani ndiyo aliyokuwa nayo zamani. "Andika. Mti huu niliupanda mimi siku ya kufungua shule, na wakati ule tuliambiwa mbele ya umati kwamba hapa ndipo mwisho wa eneo la watoto. Weka na sahihi yangu. Marehemu amesema." Kisha akamshika Bwana Majuto mkono, akazungumza naye pembeni muda mrefu, hatukusikia. Mwisho nilimwona Bwana Majuto ameinamisha kichwa, nikamsikia akisema, "Mzee wangu, mimi niliambiwa tu na baba, sikuwahi kuhakikisha." Nikamhurumia kweli, maana hata yeye alikuwa na ukuta wake. Wiki ile ile vijana wake walikuja kung'oa nguzo, na wakafukia mashimo bila kuambiwa.

Alasiri ile mzee alikula kwa Bibi, ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, mimi nikiwanawisha mikono wote wawili, adhabu aliyonipa Mwalimu Tausi. Bibi akamwambia kula, umechelewa lakini umefika. Picha ilihamia ukuta wa mlangoni kabla hajamaliza chai.

Basi ndiyo hivyo. Bikoni za mipaka ya shule zimeshawekwa, Mwalimu Tausi amestaafu na akipita anasimama pale uwanjani kuwatazama watoto, na jina la Izraili sidhani kama litanitoka nikiwa hai. Lakini juzi Neema aliniuliza darasani Waziri Mkuu gani aliongoza muda mfupi kuliko wote, darasa zima linanisubiri, nikasikia lile jibu la uongo limeshafika ulimini, nikalimeza. Nikasema, "Sijui, Neema." Hakuna aliyecheka. Wakafungua madaftari, wakauliza, "Tukamuulize nani, Mwalimu?" Nikachukua chaki yangu, tukatoka wote kwenda kuuliza.